Kwa nini tao lako limekwenda kombo: kuchora vipande vya duara na duaradufu kwa programu

Umeandika amri ya kuchora tao kuanzia 0 hadi 90, ukitarajia robo ya duara. Unaendesha programu na skrini inakuletea duara zima. Unabadilisha 90 kuwa 45, duara zima tena. Unajaribu 180, lilelile. Anayeanza kuchora kwenye kanvasi ya kivinjari hukutana na jambo hili mapema sana, na wengi huishia kubahatisha namba mpaka picha ikae wanavyotaka, kisha wanaiacha hivyo wakiogopa kuigusa tena.

Hakuna haja ya kubahatisha. Hesabu ya tao ni nyepesi, ya darasani tu. Kinachosumbua ni kwamba kila maktaba ya michoro imeyajibu kwa namna yake maswali machache: pembe ipimwe kwa kipimo gani, sifuri iwe upande gani, pembe ikue kuelekea wapi, na namba ya mwisho iwe mahali pa kuishia au kiasi cha kuzunguka. Majibu yanatofautiana mno, hata aliyebobea katika maktaba moja hujikuta mgeni kwenye nyingine. Lakini anayejua kuyauliza maswali hayo husoma maelezo ya maktaba yoyote na kupata anachokitafuta kwa dakika chache.

Tuanze na maneno yenyewe. Maktaba ya michoro ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa, ambazo mwandishi wa programu anaziita ili zimchoree mistari, maumbo na maandishi, badala ya yeye kuwasha pikseli moja moja. Kanvasi ya HTML iliyomo ndani ya vivinjari ni mojawapo. Nyingine ni Cairo, Qt, Java 2D na Processing, na kwa wanaotumia Python kuna Pillow na Pygame. Duara lina kitovu, na umbali kutoka kitovuni hadi ukingoni ndio nusukipenyo. Tao ni kipande cha ukingo huo, kati ya nukta mbili. Duaradufu ni duara lililovutwa au kubanwa upande mmoja, kwa hiyo lina nusukipenyo viwili, kimoja cha kwenda kulia na kushoto, kingine cha kwenda juu na chini.

Duara zima lilitoka wapi?

Kanvasi ya kivinjari haipimi pembe kwa nyuzi. Inapima kwa rediani. Duara zima lina nyuzi 360, ila kwa rediani ni mara mbili ya pai, yaani takribani 6.283. Ulipoandika 90, uliiomba kompyuta izunguke rediani 90, ambazo ni zaidi ya mizunguko 14. Kanvasi ikiona umeomba mzunguko mmoja au zaidi, inachora duara zima na kuishia hapo. Ndiyo maana 45 na 180 nazo zilitoa picha ileile.

Dawa yake ni mstari mmoja: zidisha nyuzi kwa pai, gawanya kwa 180. Nyuzi 90 zinakuwa nusu ya pai, takribani 1.571.

Wapo wanaoamini kwamba rediani ni ugumu usio na faida. Si kweli. Rediani moja ni pembe ambayo tao lake lina urefu sawa na nusukipenyo, basi. Faida yake inaonekana pale unapotaka kujua urefu wa tao: unazidisha nusukipenyo kwa pembe na kazi imekwisha. Tao lenye nusukipenyo cha pikseli 100 na pembe ya rediani 1.5 lina urefu wa pikseli 150. Anayetaka kupanga vitone kwenye ukingo wa duara kwa nafasi sawa hahitaji kingine zaidi ya hapo.

Wala si rediani na nyuzi peke yake. Mfumo wa zamani wa michoro wa X11 hupima kwa sehemu za 64 za uzi mmoja, na Qt kwa sehemu za 16. Wabunifu wake walitaka pembe ziandikwe kwa namba kamili, bila desimali, huku wakihifadhi vipande vidogo vya uzi. Matokeo yake, namba 5760 ni duara zima ndani ya Qt, na namba hiyohiyo ni robo ya duara ndani ya X11. Ukihamisha programu kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kuangalia hili, hutapata ujumbe wowote wa kosa. Utapata mchoro mbaya tu.

Sifuri iko wapi, na tunazunguka kuelekea wapi?

Fikiria uso wa saa ya mishale. Karibu maktaba zote zimekubaliana kwamba pembe sifuri iko upande wa kulia, pale penye tarakimu 3. Haiko juu penye 12, ingawa hapo ndipo macho ya watu wengi huanzia. Kwa sababu hiyo anayetengeneza kiashiria cha mviringo, kile kinachojaa taratibu wakati faili inapakuliwa, hushangaa kukiona kinaanzia pembeni. Ili kianzie juu lazima urudi nyuma robo ya mzunguko, yaani uanzie nyuzi hasi 90. Kwa asilimia 75, unaanzia hasi 90 na kuongeza 270, unafika 180, penye tarakimu 9.

Mwelekeo ndio penye ubishi. Darasani tulifundishwa kwamba pembe hukua kinyume cha mwendo wa saa, na wengi hudhani kompyuta imegeuza hesabu. Haikugeuza kitu. Kanuni ni ileile ya kosini na saini, na pembe bado inakua kutoka mhimili wa x kuelekea mhimili wa y. Kilichobadilika ni mhimili wa y. Kwenye daftari unakwenda juu, na kwenye skrini unakwenda chini, kwa kuwa skrini huhesabu mistari yake kuanzia juu kabisa kushuka, kama macho yanavyosoma ukurasa. Ukigeuza mhimili mmoja, mzunguko nao unageuka. Kwa hiyo kwenye kanvasi ya kivinjari, Cairo, Processing na Pillow, pembe inayokua inafuata mwendo wa saa, na robo ya kwanza inatoka 3 kushuka hadi 6.

Maktaba nyingine ziliamua kuwaridhisha waliozoea daftari. Java 2D, Qt na Pygame huchora kinyume cha mwendo wa saa japo y yao inashuka, kwa hiyo robo ya kwanza inatoka 3 kupanda hadi 12. PostScript, lugha ya kuelezea kurasa za uchapishaji, nayo huzunguka hivyo, lakini yenyewe imebaki na y inayopanda, kwa hiyo haikulazimika kugeuza chochote.

Kanvasi ina kigezo cha mwisho cha ndiyo au hapana kinachouliza kama unataka kwenda kinyume cha saa. Hiki kinaeleweka vibaya mno. Watu hudhani ukisema ndiyo, pembe zenyewe zinaanza kupimwa upande wa pili. Hapana. Nukta ya kuanzia na ya kuishia zinabaki palepale, na kinachobadilika ni njia ya kutoka moja hadi nyingine. Ukiomba kutoka 0 hadi nyuzi 90 kwa kinyume, hupati robo ya juu. Unapata zile robo tatu zilizobaki, kwa sababu kompyuta imeipitia njia ndefu ili ifike 6.

Kuna swali jingine dogo lenye madhara makubwa: namba ya pili inamaanisha nini? Kwenye kanvasi, Cairo na Pillow ni pembe ya kuishia. Kwenye Qt, Java na Android ni kiasi cha kuzunguka kuanzia pale ulipoanzia. Andika 30 na 60. Kwa kundi la kwanza umepata tao la nyuzi 30, na kwa kundi la pili umepata la nyuzi 60 linaloishia 90. Kosa hili hujificha vizuri sana, maana ukijaribu kwa kuanzia sifuri, majibu yote mawili yanafanana. Ningemshauri yeyote anayejifunza maktaba mpya afanye jaribio lake la kwanza kwa 30 na 60, asifanye kwa 0 na 90.

Mstari ambao hukuuomba

Umechora tao na mahali pengine pamejitokeza mstari ulionyooka unaoliunganisha na mchoro uliopita. Hii si hitilafu. Kanvasi na Cairo hufanya kazi kwa njia: kalamu inakumbuka mahali ilipo, na ukiagiza tao wakati njia ya awali bado iko wazi, maktaba inaunganisha pale ilipokuwa kalamu na mwanzo wa tao. Anza njia mpya kabla ya kila tao na mstari huo utatoweka.

Jambo linalofanana na hilo ni kujaza rangi. Tao peke yake halina ndani, kwa hiyo ukiliagiza lijazwe, maktaba inalifunga kwa mstari mnyoofu kati ya ncha zake mbili, na unapata umbo la upinde. Ukitaka kipande kinachofika kitovuni, kama vile vya chati za mviringo, peleka kalamu kitovuni kwanza, chora tao, kisha ufunge njia. Java 2D na Processing zimerahisisha kwa kukupa chaguo tatu za wazi: tao lililo wazi, lililofungwa kwa mstari, na lililofungwa hadi kitovuni.

Duaradufu, na pembe ambayo si pembe

Hapa ndipo penye utamu wa somo lenyewe.

Chukua duaradufu lenye nusukipenyo cha 200 kulia na kushoto, na 100 juu na chini. Iombe maktaba ichore tao kutoka 0 hadi nyuzi 45, kisha upime kwa kipimapembe kutoka kitovuni hadi ncha ya tao. Hutapata 45. Utapata kama 26 na nusu. Programu haijakosea. Nyuzi 45 ulizoandika zilipimwa kwenye duara kabla halijavutwa.

Angalia namna maktaba inavyopata nukta hiyo. Inachukua kosini ya 45, ambayo ni 0.707, inazidisha kwa 200 na kupata 141.4 za kwenda kulia. Inachukua saini ya 45, nayo 0.707, inazidisha kwa 100 na kupata 70.7. Umekwenda upande mara mbili ya ulivyoshuka. Mstari wa kutoka kitovuni hadi hapo hauwezi kuwa na nyuzi 45, kwani huo ungehitaji kiasi sawa pande zote mbili. Pembe uliyompa mchoraji ni kigezo cha kuzalisha nukta, na inalingana na pembe halisi kwenye ncha nne tu za mihimili: 0, 90, 180 na 270. Johannes Kepler alihitaji pembe saidizi ya aina hiihii mwanzoni mwa karne ya 17, alipokuwa akikokotoa mahali ilipo sayari ya Mirihi kwenye njia yake ya duaradufu.

Maelezo ya Java 2D yanalisema hili waziwazi: nyuzi 45 daima huangukia kwenye mstari unaotoka kitovuni kwenda kwenye kona ya mstatili unaolizunguka duaradufu, hata mstatili uwe mrefu kiasi gani. GDI, maktaba ya michoro ya zamani ya Windows, ilichagua njia nyingine kabisa. Yenyewe haikuulizi pembe, unaipa nukta mbili za kulengea, na tao linaanza na kuishia pale mistari ya kutoka kitovuni kwenda kwenye nukta hizo inapokata ukingo.

Ukihitaji pembe halisi, igeuze kabla ya kuitoa. Zidisha tanjenti ya pembe unayoitaka kwa nusukipenyo cha upana, gawanya kwa cha urefu, kisha utafute pembe yenye tanjenti hiyo. Kwa mfano wetu, ili ncha ya tao ikae kwenye nyuzi 45 za kweli, maktaba inapaswa kupewa takribani 63.4. Kwenye msimbo tumia amri ya atan2, ambayo hupokea sehemu mbili tofauti na haikupotezei robo sahihi ya mzunguko.

Tatizo hilohilo linawakuta wanaopanga vitu kuzunguka duaradufu. Ukigawa mzunguko kwa pembe zilizo sawa, vitu vinasongamana kwenye ncha mbili za mhimili mrefu na kuachana katikati. Kwa duaradufu letu, nafasi za juu na chini zinakaribia kuwa mara mbili ya zile za pembeni. Tena huwezi kujinasua kwa kanuni fupi ya urefu kama ya duara, maana duaradufu halina kanuni ya namna hiyo. Mzingo wake hukadiriwa. Srinivasa Ramanujan alitoa kadirio zuri mwaka 1914, na kwa duaradufu la 200 na 100 linaleta kama 968.8. Kwa sehemu tu ya mzingo, watu huugawa ukingo katika vimistari vifupi na kuvijumlisha, na hiyo ni njia halali isiyo na aibu yoyote.

Maktaba ambazo hazina amri ya duaradufu, kama Cairo, hukutaka uvute kanvasi yenyewe kisha uchore duara la kawaida. Ni njia nzuri, ila ina mtego. Ukivuta upana mara mbili na kupiga mstari wa unene wa pikseli 10 ukiwa bado ndani ya mvuto huo, kalamu nayo imevutwa: mstari utakuwa na 20 pembeni na 10 juu na chini. Vuta, tengeneza njia, rudisha kanvasi katika hali yake, ndipo upige mstari.

SVG na matao yake manne

SVG, muundo wa picha za kwenye wavuti unaoeleza maumbo kwa maandishi, haikuulizi kitovu. Amri yake ya A inapokea nusukipenyo viwili, pembe ya kulaza duaradufu, vigezo viwili vya 0 au 1, na nukta ya kuishia. Vile vigezo viwili huwatoa watu jasho, wakati vinajibu tatizo la kweli kabisa.

Weka nukta ya kuanzia kwenye (100, 200) na ya kuishia kwenye (200, 100), nusukipenyo 100. Maduara mawili tofauti yanapita kwenye nukta hizo zote mbili, moja lina kitovu kwenye (200, 200) na jingine kwenye (100, 100). Kila moja linatoa tao fupi la robo na tao refu la robo tatu. Jumla matao manne, na SVG haiwezi kujua unalitaka lipi. Kigezo cha kwanza kinauliza: refu au fupi? Cha pili kinauliza: kwa kufuata mwendo wa saa au kinyume? Ukijibu 0 na 1, umechagua fupi linalofuata saa, na hilo ni la kitovu cha (200, 200) peke yake, kutoka 9 hadi 12. Jibu la 1 na 1 linakupeleka kwenye kitovu kile kingine, kutoka 6 kupitia 9 na 12 hadi 3.

Nusukipenyo kikiwa kifupi mno kisiweze kuzifikia nukta zote mbili, SVG haikatai. Inakikuza mpaka kitoshe. Nukta zikiwa umbali wa 200 na wewe umeandika 50, utapata nusu duara la 100, na utajiuliza kwa nini kubadilisha namba hakubadilishi kitu.

Kile kiashiria cha mviringo nacho hutoweka kikifika asilimia 100 kwa sababu ya kanuni nyingine ya SVG: mwanzo na mwisho vikiwa nukta moja, tao linarukwa kabisa. Chora duara kwa nusu mbili, au tumia amri ya circle.

Je, kompyuta huchora duara la kweli?

Wengi wanaamini hivyo. Kwa kawaida huchora kitu kilicho karibu sana na duara. PDF, kwa mfano, haina amri ya tao hata moja. Ina mistari na mikunjo ya Bézier, iliyopewa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault. Robo ya duara hutengenezwa kwa mkunjo mmoja ambao nukta zake mbili za kuongozea zinasogezwa umbali wa 0.5523 ya nusukipenyo. Mkunjo huo unakosea kwa takribani asilimia 0.027 ya nusukipenyo pale unapokosea zaidi. Kwenye duara la nusukipenyo cha pikseli 1000 ni kama robo ya pikseli, jicho halioni.

Mwaka 1977 Jack Bresenham alichapisha njia ya kuchagua pikseli za duara kwa kujumlisha na kutoa namba kamili tu, bila saini wala kosini. Wakati huo hesabu za desimali ziliigharimu mashine muda mwingi. Njia za aina hiyo zinaweza kukokotoa sehemu moja ya nane ya duara na kuakisi zile saba zilizobaki.

Ukilazimika kugawa tao katika vimistari wewe mwenyewe, idadi yake itegemee ukubwa. Ili kosa lisizidi robo ya pikseli, duara la nusukipenyo cha 10 linatosheka na vimistari 15, la 100 linahitaji 45, na la 1000 linahitaji kama 141. Ukubwa ukiongezeka mara 100, vimistari vinaongezeka takribani mara 10. Ndiyo maana duara lililogawanywa likiwa dogo huonyesha kona pindi mtumiaji anapokuza picha. Hifadhi kitovu, nusukipenyo na pembe, uligawe upya baada ya kukuza.